Likizo ya Vidole

Mwezi wa tatu, siku ya kulipa rejesho la mwisho,
mashine ya benki pale Mtwara mjini ilikataa kidole changu.
Kijana akafuta kioo. "Jaribu cha kati, mama."
Cha kati nacho kikakataa.
Misimu mitano ya kubangua korosho,
mafuta ya maganda yalikuwa yamelamba mistari yote,
ngozi imebaki laini kama mgongo wa kijiko.
"Haikutambui," akasema, kwa upole,
na mimi niliyefika na pesa taslimu pindoni mwa kitenge
nikaona aibu kana kwamba nimekuja kukopa.

Nikalipa kwa sahihi. Nikafunga kiwanda,
banda moja la bati kule Chuno, majiko mawili, wanawake kumi na mmoja.
Kila mmoja nikampa chake na kilo ya korosho nzima, si vipande.
Nikapanda basi la Newala.

Huko juu kuna baridi. Nilikuwa nimeisahau.
Siku ya kwanza nililala hadi kuku wakaingia chumbani.
Ya pili nikaamka saa kumi alfajiri, kwa mazoea,
nikakaa kitandani nikitafuta nani wa kumpigia kwamba amechelewa.
Ya tatu nikaanza kuhesabu:
ndoo ya maji bei gani, baiskeli inabeba madumu mangapi,
safari ngapi kwa siku, toa pancha,
na kabla chai haijapoa nimeshaanzisha kampuni ya maji,
nimeajiri watu, nimefukuza mmoja.
Dada yangu Somoe akacheka hadi akashika ukuta:
"Mwenzetu, umekuja kupumzika au kukagua?"

Msinipe habari za mkorosho,
kwamba nao hupukutisha majani ndipo uchanue.
Mkorosho haudaiwi.
Haujawahi kukesha ukiwaza mkaa umepanda bei,
wala kumtazama Asumini machoni Ijumaa ya mshahara usiotimia.
Mimi nilichoka uchovu wa mtu,
nao unataka pumziko la mtu:
ming'oko ya kuchemsha kwenye sinia, chumvi pembeni,
unamenya, unatafuna, unatema nyuzi,
saa mbili zimekwenda na hakuna kilichozalishwa
isipokuwa shibe.

Chilumba akawa anatuma ujumbe.
Mashine ya kukamulia ufuta ipo Nachingwea,
mwenyewe ana haraka, kuna wengine wawili wanaitaka.
Daima kuna wengine wawili.
Nikaitumbukiza simu ndani ya gunia la mbaazi.
Usiku niliisikia ikitetemeka humo, kama panya.

Asubuhi moja tulikwenda ukingoni, Shimo la Mungu,
pale ardhi inapoacha ghafla ikawa hewa
na chini kabisa ukungu umelalia bonde la Ruvuma.
Nilitaka kuwaza jambo kubwa.
Niliona mbuzi. Niliona kandambili moja ya mtoto, ya buluu.
Somoe akasema miguu inamuuma, tukarudi.
Mchana ule nililala bila kuota madeni.

Wiki ya sita vidole vikaanza kuchubuka,
weusi ukitoka vipande vipande,
kama ganda la ndani la korosho iliyokaushwa vizuri.
Chini yake ngozi changa, inawasha.

Sokoni, kijana wa kusajili laini
alikaa chini ya mwavuli wake bila mteja.
Nikamwomba kile kifaa.
"Unasajili laini gani?"
Hakuna. Nataka kujaribu kidole tu.
Akanitazama. Akakifuta kwa shati.
Taa ikawaka kijani,
jina langu likatokea, na la baba, na la babu,
Esha Hashimu Nannyanje,
limekaa pale kama la mtu aliyekuwepo siku zote.
"Tayari, mama. Tusajili?"
Nikamwambia bado.

Nikanunua machungwa manne. Sikuuliza muuzaji anapata faida gani.
Uongo. Niliuliza: hamsini kwa moja, siku zikiwa nzuri.
Kisha nikayabeba nyumbani, nikayamenya kwa kucha,
maji yake yakaniuma kila kidole,
kimoja kimoja, nikavitambua.